Kutatizika si Kuduwaa
Tangu riwaya za Nagona (1990) na Mzingile (1991) zitoke, hakukosekani mhakiki wa kudai kwamba Kezilahabi humwacha msomaji ameduwaa. Dai hili tunalipinga. Aliyeduwaa amepigwa na butwaa: kinywa wazi, fikra zimesimama. Aliyetatizika yumo kazini, mithili ya mtu aliyeshika uzi uliotatana, akiitafuta ncha. Msomaji wa Nagona hurudi nyuma, hulinganisha, hukisia. Huko ni kutatizika. Hata Kiingereza, ambacho baadhi yetu hukifanya mizani ya kila istilahi, hutenga ‘perplexed’, lenye asili ya Kilatini ya kusuka, na ‘stupefied’. Anayeyachanganya humtwika mwandishi uvivu wake mwenyewe, kisha huwaambia wanafunzi kwamba riwaya haisomeki. Inasomeka, ila si kwa usiku mmoja wa kuamkia mtihani.