Kupanchi Studio Siyo Dhambi, Dhambi ni Kuwaachia Mashabiki Waimbe

Kuna msanii mmoja hapa mjini, jina kapuni, ngoma yake inagongwa kila daladala. Ukiisikia redioni, jamaa anashusha mistari 16 kama hana haja ya pumzi. Mkute stejini sasa! Mstari wa nne tu, maiki imeshageuziwa watu: "Dar mpooo?" Shoo nzima wanaimba waliolipa kiingilio.

Siri iko studio. Prodyuza anaachia biti, msanii anatupia mstari mmoja, wanasimamisha, anavuta pumzi, kisha anaingia tena pale pale alipoishia. Ndiyo kupanchi huko. Baadaye anarudia maneno yale yale juu ya sauti ya kwanza ili yawe mazito, anaongeza sauti za kuitikia na vionjo. Wakati mwingine mstari wa pili unaanza kabla wa kwanza haujaisha. Mdomo mmoja utaweza wapi?

Lakini wanaosema huu ni utapeli wa kizazi cha kompyuta wanakosea. Les Paul na mkewe Mary Ford walirundika magitaa na sauti juu ya sauti kwenye "How High the Moon", na mwaka 1951 ikaongoza chati Marekani. Mary alikuwa anajiitikia mwenyewe! Tena enzi za tepu kupanchi kulitaka roho ngumu: ukichelewa kutoka, umeshafuta mstari mzuri unaofuata, na haurudi. Leo kompyuta inatunza kila jaribio.

Tatizo liko kwingine. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania zilipiga wote kwa pamoja, mmoja akiharibu mnaanza upya. Kwa hiyo wimbo ulikuwa umeshakaa kichwani kabla ya kurekodiwa. Wa siku hizi unazaliwa vipande vipande, na mwenye wimbo anaweza kupanda jukwaani akiwa hajawahi kuuimba mzima hata siku moja.

Na dawa ipo. Kuna dada mmoja, naye jina kapuni, studio anapanchi kama wenzake. Ila akimaliza anarudi kujifunza wimbo wake upya: anatafuta pa kuvuta pumzi, anapunguza maneno, mistari inayopandana anamwachia mwenzake. Kwenye biti ya shoo anabakiza sauti za kuitikia tu, sauti kuu anaimba mwenyewe. Sauti ikikwaruza kidogo, watu ndiyo kwanza wanapiga kelele, maana wanajua ni yeye.

Mtu katoa hela yake, kapanda bodaboda usiku, kasimama masaa. Akitaka kusikia ile ya redioni, si angebaki nyumbani na simu yake?

Anayebisha aimbe ngoma yake mwenyewe mwanzo mwisho, bila pleibeki. Wadau, nyie mnasemaje?