Hiari na Mjeledi

Wako wasemao ya kuwa Hincmar, Askofu Mkuu wa Reims katika Ufaransa, aliitetea hiari ya mwanadamu, na ya kuwa mtawa Gottschalk alistahili kufungwa naye kwa kuwapotosha watu. Mimi nakataa.

Gottschalk alikuwa Msaksoni, mwana wa mtu mkubwa. Alitolewa na wazazi wake angali mtoto awe mtawa wa Fulda, mwenyewe hakuulizwa. Alipokua aliomba kufunguliwa, na baraza la maaskofu la Mainz, mwaka 829, likamkubalia. Lakini mkuu wake, Rabanus Maurus, alilipinga shauri hilo mbele ya mfalme, naye akabaki mtawa. Rabanus huyo ndiye aliyemhukumu mwaka 848, akampeleka kwa Hincmar.

Kosa lake lilikuwa nini? Alivisoma sana vitabu vya Augustino, akafundisha ya kuwa Mungu amewaandikia wateule uzima tangu awali, na waovu hukumu yao, na ya kuwa Kristo hakufa kwa ajili ya watu wote. Neno hili la mwisho silikubali hata kidogo, kwa maana Paulo amfundisha Timotheo vingine. Tena baraza la Quierzy la mwaka 853 lilinena vema liliposema ya kuwa hiari tuliyoipoteza katika Adamu huponywa kwa neema.

Lakini palepale Quierzy, miaka minne kabla yake, Gottschalk alipigwa mijeledi, akashurutishwa kuvitia motoni vitabu vyake kwa mkono wake mwenyewe! Nawauliza watetezi wa Hincmar: ikiwa ni neema iiponyayo hiari, mjeledi ulikuwa na kazi gani? Mtu akisema “nasadiki” ili fimbo ikome, amechagua nini? Gottschalk alikosea katika kunena habari za hiari. Hincmar aliikana kwa tendo.

Wala msiniambie ya kuwa zama zile zote zilikuwa kali. Kanisa la Lyon lililaumu ukatili huo wakati uleule.

Alifungwa katika nyumba ya watawa ya Hautvillers hata akafa, karibu na mwaka 868, akanyimwa Meza ya Bwana kwa kuwa hakukubali kuyakana maneno yake. Aliwahi kuandika ya kuwa yu tayari kuingia katika mapipa manne, la maji, la mafuta, la shahamu na la lami, yote yakichemka, mbele ya watu wote, Mungu aamue. Hakuna aliyemruhusu.