Lenzi bapa ni ajabu, lakini itamfikia nani?

WASOMAJI wanaolazimika kunyoosha mkono ndipo wasome gazeti hawahitaji kufafanuliwa shida hii. Mtu akishapita miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu huonekana kama yamo ukunguni.

Ndiposa lenzi bapa inayojirekebisha yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini. Badala ya kioo kilichobinuka, watafiti hutumia tabaka jembamba la fuwele za kimiminika, dutu aliyoigundua mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888, na ambayo leo imo katika runinga na vikokotoo. Molekuli zake zimekaa kama vijiti. Zikigeuzwa, kasi ya mwanga unaopita hubadilika, na kioo kilicho bapa kikaweza kupinda miale sawa na lenzi nene.

Aghalabu umeme ndio huzigeuza. Sasa mwanga wenyewe umetwikwa kazi hiyo: kemikali iitwayo azobenzini hujikunja ikipigwa na miale ya urujuanimno, ikanyooka tena kwa mwanga wa buluu, huku ikizivuta molekuli jirani. Si lazima tena kupitisha nyaya ndani ya lenzi.

Hata hivyo, tabaka jembamba halina nguvu ya kutosha kwa lenzi pana, nalo likifanywa nene maradufu, huchukua takriban mara 4 ya muda kurejea hali yake. Aidha, soko halina huruma. Kampuni ya PixelOptics ya Marekani ilileta miwani ya fuwele hizi, iliyoendeshwa kwa umeme, mwaka 2011. Kufikia mwisho wa 2013 ilikuwa imefilisika.

Kisayansi, naiunga mkono kazi hii. Shaka yangu ni ya kisiasa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2019 ilihesabu watu milioni 826 wenye shida ya kuona vitu vya karibu, ambao wengi wao wangefaidi kwa miwani ya kawaida ya kusomea. Utafiti wa 2018 miongoni mwa wachumaji majanichai wa Assam, India, ulionyesha kwamba tija ya waliopewa miwani hiyo iliongezeka kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao. Mchumaji wa Kericho ana macho yale yale.

Mwaka 2021, mataifa wanachama wa WHO yaliahidi kuongeza kwa alama 40 za asilimia kiwango cha wanaopata miwani inayowafaa ifikapo 2030. Kwetu Kenya, ambako huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, ahadi hiyo imo mikononi mwa magavana kuliko wanafizikia.