Maulizo na Majibu: Hati ya Askari na Jina la Babu

Msomaji wetu mmoja wa Murang'a ametuletea swali linalowahusu watu wengi. Babu yake alikuwa askari wa K.A.R., wale walioitwa Keya, katika Vita Kuu ya Pili, naye alirudi na hati ya kuachishwa kazi. Hati hiyo ilikaa sandukuni miaka mingi. Sasa imetolewa, na ndani yake karani ameandika ya kwamba baba wa askari ni Njoroge, hali jamaa wote wamejua siku zote ya kuwa babu alikuwa mwana wa Mwangi. Jamaa wa upande wa pili wamesema, "Basi ninyi si wa nyumba ya Mwangi, wala hamna haki katika shamba lake." Msomaji anauliza: je, aamini hati, ama aamini wazee?

Jibu letu ni hili: hati ni shahidi mmoja, na kila shahidi huhojiwa.

Kijana alipoandikishwa alisimama mbele ya karani ambaye mara nyingi hakuijua lugha ya kwao, na jina liliandikwa kama lilivyosikika. Alipoulizwa, "Baba yako ni nani?" naye amekwisha kufiwa na baba, aliweza kumtaja baba mdogo aliyemlea, kwa kuwa kwa Wakikuyu ndugu wa baba naye huitwa baba. Tena wako vijana waliotoroka kwao wakatoa jina jingine ili wasifuatwe.

Kwa bahati njema, desturi yenyewe inatupa kipimo. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Msomaji ameandika ya kuwa mwana wa kwanza wa askari huyo aliitwa Mwangi. Kama baba halisi wa askari angalikuwa Njoroge, mtoto huyo angaliitwa Njoroge. Na kama askari alioa wake wawili, atazamwe mwana wa kwanza wa kila mke. Kisha wazee waulizwe: je, Mwangi alikuwa na ndugu aliyeitwa Njoroge? Wakisema ndiyo, fundo limekaribia kufunguka.

Yafaa pia kuhakikisha ya kuwa hati ni ya babu kweli, wala si ya mtu mwingine. Anza na nambari ya askari. Makarani wawili huweza kuandika jina moja kwa namna mbili, lakini nambari hulinganishwa tarakimu kwa tarakimu na karatasi nyingine zo zote zilizobaki. Halafu tazama mahali. Anayetafuta "Murang'a" katika karatasi za wakati ule ataona "Fort Hall". Vivyo hivyo Abyssinia ni Ethiopia, na Ceylon ni Sri Lanka. Mwisho tazama nishani. Burma Star ilitolewa kwa waliotumika katika vita vya Burma, na Africa Star yaweza kuwa ya vita vya kuwatoa Waitaliani Abyssinia na Somalia, mwaka 1940 na 1941. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope ya mwaka 1944, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Ikiwa hati yataja Burma, na babu alisimulia habari za mvua ile, mashahidi wawili wamepatana.

Kwa wale ambao askari wao hakurudi, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina. Mengine yameandikwa katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na mengine mbali kabisa, Taukkyan, karibu na Rangoon, penye majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Lakini wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 walio wengi hawamo. Mwaka 2021 taarifa ya Tume hiyo ilikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao. Mwenye hati, hata yenye kosa, ana kitu ambacho jamaa hao wamekikosa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiichome hati hiyo kwa hasira, wala usimpe mtu mwingine ile ya asili, piga nakala. Keti na wazee wa pande zote mbili, uandike maneno ya kila mmoja, jina lake na tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo nao ni mali, na wazee wanaoweza kulisoma daftari lake wanapungua kila mwaka.