Kabla hujafungua injini, utazame moshi

Juma hili nakuomba tuandamane hadi Sosiot, katika Belgut, magharibi ya mji wa Kericho, ambako mjomba wangu ana shamba dogo la chai na pikapu moja kuukuu aina ya Datsun 1200. Aliinunua mwaka wa 1986, ikiwa imeshatumika, nyakati ambazo jina la Datsun lilikuwa bado tamu masikioni mwa Wakenya. Shekhar Mehta alikuwa ameshinda mashindano ya Safari Rally kwa magari hayo mwaka wa 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Tangu siku hiyo pikapu ya mjomba imebeba mbolea, maziwa, wagonjwa, maharusi wawili watatu, na zaidi ya yote majani chai kutoka shambani hadi kituo cha kupimia.

Majani mabichi hayana subira. Yakichumwa asubuhi sharti yafike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo hupata joto ndani ya gunia na kuharibika, na karani wa kituo huyakataa. Kwa hivyo mjomba aliponipigia simu mwezi wa Agosti akisema pikapu inatoa moshi wa samawati na kula oili, nilijua si jambo dogo. Gereji moja mjini ilikuwa imemwambia kwamba injini imekwisha: ringi mpya, beringi mpya, silinda zichongwe upya, jumla shilingi 85,000. Mzee alikuwa ameanza kuhesabu bonasi ya Oktoba. Lakini bonasi hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari, nayo ni karo ya binamu yangu aliyepata nafasi katika chuo cha ualimu. Mjomba alitaka ushauri wangu, ati kwa kuwa naandika gazetini basi najua kila kitu.

Sikujua. Hata hivyo nilisafiri Jumamosi, na tukaipeleka pikapu kwa fundi mmoja wa pale Sosiot ambaye gereji yake ni kivuli cha mkalitusi. "Chamgei!" akatusalimu, akafuta mikono, kisha akauliza swali ambalo kule mjini hakuna aliyeliuliza.

"Mzee, huo moshi unatoka wakati gani?"

Mjomba akafikiri. Asubuhi ukiwasha, akasema, wingu moja kubwa, kisha unakatika. Na tena ukimaliza mteremko.

"Na mkipanda mlima na mzigo?"

"La. Mlimani hautoki."

Fundi hakugusa spana. Aliingia kwenye pikapu pamoja nasi, tukashika barabara iteremkayo kuelekea Sondu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaiacha gari iserereke ikiwa kwenye gia, na tulipofika chini akakanyaga. Niligeuka nyuma na kuona moshi mzito wa samawati ukifunika barabara. Tulipogeuza gari na kuupanda mlima ule ule, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, nyuma yetu palikuwa peupe. "Hizi ni sili za valvu," akasema. "Ringi zako bado."

Hebu nikueleze alivyonieleza. Juu ya injini, ndani ya hedi, valvu hupanda na kushuka mara nyingi kila dakika, nazo zinahitaji oili kidogo ya kulainisha. Kila kijiti cha valvu huvaa kofia ndogo ya mpira, ndiyo sili, ili oili isiteremke hadi penye moto. Baada ya miaka mingi ya joto mpira huo hukauka na kuwa mgumu kama kucha. Usiku oili hudondoka polepole juu ya valvu, ndiyo sababu ya lile wingu la asubuhi. Na unapoteremka mlima bila kukanyaga mafuta, njia ya hewa imefungwa ilhali pistoni zinaendelea kuvuta. Hapo mvuto huwa mkali mno, na oili hufyonzwa kupitia kwenye sili zilizochoka. Ukikanyaga tena, yote inaungua kwa pamoja. Ringi zilizokwisha zina tabia tofauti: hutoa moshi injini inapofanya kazi ngumu, hasa kwenye mlima wenye mzigo. Fundi anayetaka hakika zaidi hupima presha ya silinda, kisha hutia oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi na kupima tena. Presha ikipanda sana, hapo ringi zina kesi ya kujibu.

Usichanganye rangi, msomaji. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe usiokatika, huku maji ya rejeta yakipungua, aghalabu ni gasketi ya hedi. Lakini mvuke mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi, nayo Kericho haikosi asubuhi kama hizo, ni wa kawaida.

Nilirudi Nairobi, nikapata seti ya sili katika barabara ya Kirinyaga kwa shilingi 1,400, na Jumamosi iliyofuata kazi ikaanza. Nilidhani hedi itang'olewa. Kumbe la! Fundi alifungua kifuniko cha juu, akalegeza boliti za shafti ya roka kidogo kidogo kwa zamu ili isipinde, akaitoa nzima, kisha akatoa plagi. Halafu akaomba kamba ya katani. Aliiingiza kama mita moja kwenye tundu la plagi, akaacha mkia nje, na kuizungusha injini kwa mkono hadi pistoni ikaibana kamba dhidi ya valvu. Bila hivyo, ukiondoa springi, valvu hutumbukia ndani ya silinda, na hapo ndipo hedi itakapotoka utake usitake.

Springi hubanwa juu na kisahani cha chuma, nacho kisahani hushikwa na vipande viwili vidogo kuliko punje ya mahindi. Fundi aliziba kwa vitambaa matundu yote ya kuteremshia oili kabla ya kuvigusa, na kuvitoa kwa sumaku. Kimoja kikianguka humo, alisema, utakitafuta hadi Krismasi. Alivuta sili ya zamani, ikavunjika mkononi kama gamba la yai. Akakitikisa kijiti cha valvu kukagua kama kinacheza, kwa maana gaidi ikiwa imelika, sili mpya haitadumu. Hakikucheza. Akaipaka sili mpya oili, akaisukuma polepole, akarudisha springi, kisahani na vipande vyake, kisha akagonga kidogo kwa nyundo ya plastiki kuhakikisha vimekaa. Ndivyo alivyofanya silinda zote nne.

Kisha tapeti. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Kati ya roka na kijiti cha valvu pana nafasi ndogo sana, na katika Datsun 1200 nafasi hiyo ni milimita 0.25 injini ikiwa baridi na 0.35 ikiwa moto, kwa valvu zote nane. Nafasi huongezeka kwa joto kwa sababu hedi ya aluminiamu hutanuka kuliko vijiti vya chuma vinavyosukuma roka. Silinda huenda kwa jozi: valvu za silinda ya nne zikiwa zinapokezana, moja ikifunga na nyingine ikifungua, unarekebisha za kwanza, na kinyume chake. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Kibamba cha kupimia kipite kwa kukwaruza kidogo, bila kulazimishwa. Fundi aliseti baridi, akawasha injini hadi ikapata moto, kisha akapima tena moja baada ya nyingine.

Wewe mwenye Probox au Vitz usimruhusu mtu akuambie ataseti tapeti kwa bisibisi. Magari mengi ya siku hizi hayana skrubu hiyo. Baadhi hutumia vikombe vya unene mbalimbali, mengine hujirekebisha kwa presha ya oili.

Jumapili asubuhi mjomba aliwasha pikapu mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Wingu halikutoka. Lakini mzee hakuridhika. Alitega sikio na kusema anasikia tik-tik, na kwamba zamani haikuwa ikilia. Tukarudi kwa fundi baada ya kanisa. Akapima tena mbele yetu, 0.35 zote, akakataa katakata kukaza. Tapeti ikikazwa hadi inyamaze, alisema, valvu haifungi sawasawa, haipati pa kupoteza joto lake, na huungua. Zamani yako, Mzee, ilikuwa imekazwa mno.

Mjomba alinung'unika njia nzima. Jumatatu akapakia magunia, akafika kituoni kabla ya karani kufunga, na Oktoba bonasi ikaenda chuoni.