Jumuiya ianze na darasa la kwanza

Mtoto anayeanza darasa la awali katika kijiji cha Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, hafiki shuleni mtupu. Anajua kuhesabu ng'ombe wa nyumbani, anajua njia ya kisimani, anajua habari za pamba kuanzia palizi hadi mavuno. Ila anayajua yote hayo kwa Kisukuma. Mwalimu anaposema "maji", kwao wanasema "minzi". "Nyumba" kwake ni "numba", "mbili" ni "ibili", na neno "mtoto" lenyewe ni "ng'wana". Zitazame jozi hizo uone jinsi lugha hizi zilivyo ndugu. Safari ya kutoka moja hadi nyingine ni fupi, na mtu mzima anayezijua zote mbili anaweza kumvusha mtoto kwa miezi michache. Asipovushwa, atakaa nyuma ya darasa akiitikia kwa sauti pamoja na wenzake maneno asiyoyaelewa, na akifika darasa la tatu ataweza kunakili ubao mzima bila kusoma mstari mmoja. Tumezoea kulitazama tatizo hili kuwa la Simiyu, au la Wasukuma, au la mikoa ya pembezoni. Hapo ndipo tunapokosea. Tatizo ni la Afrika Mashariki nzima, na dawa yake imetawanyika katika nchi zetu, kila moja ikiwa na kipande chake.

Ushahidi tunao tangu 2009 na 2010, pale mpango wa Uwezo ulipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda ukiwapima watoto kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili. Njia yenyewe iliazimwa kutoka India. Kwa Tanzania ilibainika kwamba watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango hicho. Takwimu za majirani zilitofautiana na zetu, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja. Nchi zote 3 zilikuwa zimefuta ada za shule za msingi, Uganda 1997, Tanzania 2001 na Kenya 2003, madarasa yakafurika, na watoto wengi wakawa wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Kuna atakayenikumbusha SACMEQ, upimaji wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, ambao mwaka 2007 uliiweka Tanzania Bara kileleni katika kusoma. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini tukumbuke kwamba watoto wetu walipimwa kwa Kiswahili, wakati wenzao wa nchi nyingi walipimwa kwa Kiingereza. Matokeo yale yalithibitisha kwamba mtoto husoma vizuri katika lugha anayoielewa. Kwa mtoto wa Meatu ambaye bado hajakielewa Kiswahili, funzo hilohilo linaeleza kwa nini anabaki nyuma.

Simiyu yenyewe, mkoa uliozaliwa 2012 na ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,140,497, imeshaonja faida ya ushirikiano na nchi za nje. Kupitia EQUIP-Tanzania, mpango uliogharimiwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020, vijiji visivyokuwa na darasa la awali karibu vilipata mafunzo mafupi ya kumwandaa mtoto kwenda shule. Mfundishaji alikuwa kijana wa hapohapo aliyemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa na wanakijiji. Watoto walikaa kwa duara, kijana akifungua kitabu cha hadithi chenye picha na kuwauliza wanaona nini. Mtoto akijibu kwa Kisukuma, hakuzomewa. Jibu lake lilipokelewa, kisha likarudiwa kwa Kiswahili. Kwa wiki chache mtoto akawa na msamiati wa kuanzia na, kubwa zaidi, akawa haogopi kufungua mdomo mbele ya mwalimu. Hakuna mtambo hapo wala utaalamu wa ajabu. Kilichohitajika ni mtu anayejua lugha ya nyumbani na ya shuleni, akiwa na kitabu mkononi. Tangu 2022 mkoa umo pia katika Shule Bora, mpango mwingine wa fedha za Uingereza unaoendeshwa katika mikoa 9.

Sina neno baya kwa fedha hizo. Wasiwasi wangu ni kwamba mpango ukiisha, maarifa huondoka na gari la mradi. Na sasa hata fedha zenyewe zinakauka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Februari ya mwaka huohuo Uingereza nayo ikatangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Ushirikiano unaotegemea bajeti ya bunge la London au Washington hauwezi kuwa nguzo ya darasa la kwanza la Bariadi. Ushirikiano wa majirani unaweza, kwa sababu jirani hahami.

Majirani hao wana mengi ya kutupa. Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ilihakikisha kila mtoto wa madarasa ya chini ana kitabu chake mwenyewe. Maofisa wa elimu walikwenda kukaa darasani wakiwa na vishikwambi, wakamsikiliza mtoto akisoma na kumshauri mwalimu palepale. Tathmini za mwanzo zilionyesha watoto wakisoma vizuri zaidi kuliko awali. Kwa miaka mingi sera ya nchi hiyo pia imeruhusu lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo. Uganda ilipitia njia hiyo kwa mtaala wake wa 2007, watoto wakifundishwa kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, na la nne likawa la kuhamia Kiingereza. Kule walikwama pia: walimu walipangiwa maeneo ambayo hawajui lugha yake, vitabu vya lugha nyingi vikakosekana, na wazazi wengi wakataka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kukwama huko ni mali kwetu. Serikali ya Tanzania ikitaka kesho kuruhusu Kisukuma kitumike kama daraja katika darasa la awali, haina haja ya kutumia miaka 10 kugundua mashimo ambayo Waganda wameshayaona. Ni kwenda kuwauliza.

Lakini nani apange safari hiyo? Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Mkataba ambao ibara yake ya 102 inazungumzia ushirikiano katika elimu. Vyuo vikuu vina baraza lao Kampala, na 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Kiswahili kina kamisheni yake Zanzibar. Bonde la Ziwa Victoria lina kamisheni Kisumu, na samaki wa ziwa hilohilo, ambalo maji yake yanafika Busega, wana taasisi yao Jinja. Vyote hivyo vinafaa. Mtoto anayejifunza herufi hana chombo chake, ingawa ndiye mwenye wenzake wengi kuliko wote, na bila yeye kusoma hakuna wa kumpeleka chuo kikuu. Nchi wanachama zikubaliane kuwa na jaribio moja fupi la kusoma mwishoni mwa darasa la pili, matokeo yatangazwe kwa wilaya, ili Itilima ijilinganishe na Karamoja au Turkana na kumtafuta aliyefanikiwa katika mazingira kama yake. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyotungwa kwa fedha za umma viwe huru kuchapwa popote, kuanzia Maswa hadi Bukavu, kwa kuwa Kongo iliyojiunga 2022 nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake za taifa. Na walimu wa madarasa ya awali wa Simiyu wapelekwe wakakae mwezi mmoja Kitui au Soroti, waone mwenzao anavyomvusha mtoto wa Kikamba au wa Kiteso, kisha wenzao hao nao waje Simiyu kuona Kiswahili kinavyofundisha hesabu hadi darasa la saba.

Wapo watakaosema haya tulishayajaribu yakatushinda. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanza 1963, kiligawanyika 1970. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, 1973 sheria ikaunda baraza letu la mitihani, NECTA, na 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Ni historia ya kweli, lakini kilichotushinda wakati ule kilikuwa kuwa na mitihani na vyeti vya pamoja huku kila nchi ikitaka elimu ifuate falsafa yake. Sisi tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967. Kumfundisha mtoto kusoma "ba, be, bi" hakugusi falsafa ya nchi yoyote. Kila nchi itabaki na mtaala wake na mtihani wake.

Pingamizi zito zaidi ni la umoja wa taifa: kwamba Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini, kikiingia darasani kitafufua ukabila ambao Kiswahili kiliuzima. Hofu hii naiheshimu, maana amani tuliyonayo ilijengwa kwa lugha. Hata hivyo, daraja halijengwi ili watu wahamie juu yake. Kisukuma kinachozungumzwa kwa miezi michache ili mtoto aelewe maana ya "maji" kinamfikisha kwenye Kiswahili mapema zaidi na akiwa mzima wa moyo. Anayeitenga nchi na mtoto huyu ni yule anayemwacha miaka 3 darasani bila kuielewa lugha ya taifa.

Tanzania ina wabunge 9 katika Bunge la Afrika Mashariki, na waziri wa elimu ana kiti katika vikao vya mawaziri wa sekta hiyo vya Jumuiya. Wabunge wa Simiyu wawafuate hao, wawape jambo hili liende Arusha likiwa ajenda inayojitegemea. Januari ijayo watoto wengine wa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu wataingia darasani wakijua "minzi", wakisubiri mtu wa kuwaambia "maji".