Tovuti ya kuazima hatuitaki tena

Wafanyakazi wa mashirika, tunajua mnatusoma. Leo tunasema zaidi na nyinyi, mtuvumilie.

Wiki hii tuliletewa fomu ya kujaza. Swali mojawapo lilikuwa: ni programu gani unaipenda zaidi kwa kutengeneza tovuti? Chini yake vijisanduku: Wix, Canva, Figma, WordPress, nyingine. Tulikuwa vijana kumi na mmoja barazani, simu saba, mashine moja ambayo betri yake imechoka. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwisho wote tukaweka alama kwenye "nyingine", tukaandika: Acode. Aliyetuletea fomu akacheka, akadhani ni mzaha.

Si mzaha. Tuwaeleze kilichotupata.

Mwaka jana baadhi yetu tulifuata mafunzo ya siku tano ya shirika fulani. Chumba kizuri, jenereta, waifai, soda baridi. Tulifundishwa kuburuta visanduku kwa kidole na kuvipanga kwenye skrini, na siku ya tano kila kikundi kilikuwa na tovuti. Sisi tulimtengenezea mama mmoja wa kwetu, fundi wa cherehani anayeshona vitenge. Tuliweka picha za nguo, bei, namba ya simu. Ilipendeza kweli. Tukapigwa picha na vyeti vyetu. Mama naye, kwa pesa yake mwenyewe, akachapisha vikaratasi vyenye anwani ya tovuti, akavigawa sokoni na kanisani.

Miezi mitatu haikuisha, akatujia: "Batoto, ile saiti yenu ilienda wapi? Batu banasema haiko tena."

Kumbe muda uliolipiwa ulikwisha pamoja na mradi. Kuingia ndani tukashindwa, maana akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe ya mkufunzi, na mkufunzi mkataba wake uliisha, alishaondoka nchini. Kulipa wenyewe? Kampuni inataka kadi ya benki, na sisi tuna Lumicash kwenye simu. Kuichukua tuiweke pengine? Haitoki. Mama hakutugombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko matusi. Vikaratasi vilivyobaki sasa anavitumia kuchomekea sindano.

Wazee wetu walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Tovuti ile ilikuwa ya kuazima tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyetuambia. Na ndiyo maana tunasema: swali la fomu yenu limekosewa. Msituulize tunapenda programu gani. Tuulizeni ni programu gani inatubakia mkononi nyinyi mkishaondoka.

Hatusemi hizo programu ni mbaya. Canva tunaitumia kila wiki kwa matangazo ya mikutano yetu. Figma ni nzuri sana kwa kuchora sura ya tovuti kabla ya kuijenga, lakini inafanya kazi kwenye kivinjari na inataka intaneti. Mega zikiisha, au umeme ukikatika na waifai ikafa, unabaki unaangalia dari. Wix nayo inasema wazi katika maelezo yake kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuhamishiwa kwenye seva ya mwingine. Hilo si siri, ndiyo biashara yao. Mwenye kadi na mshahara anaweza kukubali. Mkimbizi, ambaye hajui mwakani atalala mji gani, anapoteza yote.

Na makaburi ya programu nzuri ni mengi. GeoCities ilibeba kurasa za mamilioni ya watu. Yahoo wakaifunga mwaka 2009. Flash ilipamba tovuti duniani kote. Adobe wakaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Muse, iliyoahidi watu watajenga tovuti bila kuandika kodi, Adobe hao hao waliacha kuihudumia mwaka 2020. Waliojifunza kubonyeza vitufe vya Muse peke yake walianza upya.

Sasa linganisheni na HTML. Tim Berners-Lee aliitunga alipokuwa CERN, kule Geneva, na tovuti ya kwanza ikafunguka mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia teknolojia hiyo bure, bila malipo ya haki. Ule ukurasa wa kwanza bado unafunguka leo, hata kwenye simu ya Itel yenye kioo kilichopasuka. Tumejaribu.

Tena si elimu ya miaka. Alama ya h1 ni kichwa cha habari, p ni aya, img ni picha, a ni kiungo cha kukupeleka ukurasa mwingine. Mdogo wetu mmoja, darasa la nane, alizishika kwa mchana mbili. Halafu CSS, ya rangi na mpangilio. Acode ni kihariri cha bure cha simu za Android: unaandika bila intaneti, unaona ukurasa wako hapo hapo. Mega unazihitaji siku ya kupandisha tu. Kwa kupandisha tunatumia GitHub Pages, haidai kadi. Ndiyo, GitHub nayo ni mali ya kampuni, ya Microsoft. Lakini faili zetu ziko kwenye simu zetu. Wakitufungia mlango kesho, tunazibeba mlango wa pili.

Kuna watakaosema: kazi ziko kwenye WordPress, kwa nini mnarudi nyuma? Hapo tunakubaliana nusu. WordPress imekuwepo tangu 2003 na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Tunaitaka. Lakini ziko mbili, na wakufunzi wengi wanazichanganya. WordPress.com ni huduma ya kampuni. Ile ya WordPress.org ni programu huria: unaipakua, unaiweke kwenye seva yoyote, unaihamisha ukitaka. Ukiwa na XAMPP kwenye mashine unaijaribu bila intaneti kabisa. Mtufundishe hiyo. Na anayejua HTML, WordPress ikimharibikia anajua pa kushika.

Wengine watasema: siku tano hazitoshi, na mfadhili anataka kuona matokeo. Ehe, hapo ndipo penye ugonjwa. Tovuti ya kuburuta visanduku inapigwa picha vizuri siku ya tano. Lakini mmejengea ripoti, hamkumjengea mama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wetu tuko Burundi kuliko miaka kumi. Jembe lenyewe mnatushikisha kidogo, tukipigwa picha mnalirudisha gari.

Kwa hiyo madai yetu ni manne, na hakuna linalohitaji bajeti mpya.

Kwanza, akaunti zote zifunguliwe kwa baruapepe ya kikundi tangu siku ya kwanza. Nenosiri litolewe kabla ya cheti.

Pili, mkinunua jina la tovuti, liandikwe kwa jina la kikundi. Jina la .org linaweza kulipiwa mpaka miaka 10 kwa mara moja. Punguzeni soda.

Tatu, mafunzo yaanze na HTML na CSS, na yafanyike kwenye simu tulizo nazo, siyo kwenye mashine zinazorudi ofisini jioni.

Nne, rudini baada ya mwaka mmoja mkahesabu tovuti ngapi bado zinafunguka. Hiyo namba ndiyo muiandike kwenye ripoti.

Na nyinyi vijana wenzetu, msiseme yote ni ya mashirika. Sisi pia tulipenda vyeti kuliko maarifa. Hakuna kati yetu aliyeuliza siku ile: hii kitu ni ya nani? Tungeuliza, mama asingepoteza pesa ya vikaratasi.

Ukurasa wake tumeuandika upya kwa mkono. Faili moja ya HTML, moja ya CSS, picha nne tulizozipunguza. Zote pamoja hazifiki mega moja. Nakala iko kwenye simu ya binti yake, na nyingine kwenye kadi ya memori ndani ya kopo la vifungo. Vikaratasi vipya tumelipa sisi.

Fomu yenu tutairudisha Jumatatu. Tumeandika mpaka nyuma ya karatasi.